Utani wa Bwawa la Ngofira

Siku ile Mhandisi Namkunda Mrutu aliposhuka kula chakula cha mchana pamoja na wafanyakazi wake, makande yalikuwa yameanza kupoa na utani ulikuwa umepamba moto.

Haikuwa desturi yake kushuka. Mwenyekiti wa Baraza la Hatari la Bwawa la Ngofira alikuwa na chumba chake ghorofani, chenye dirisha lililotazama ukuta mrefu wa zege na maji mengi nyuma yake, na huko ndiko alikoletewa chakula. Lakini jiko la juu lilikuwa likitengenezwa, na Namkunda hakuwa mtu wa kushinda njaa kwa ajili ya cheo. Aliingia ukumbini akiwa amevaa utepe wake wa kijivu juu ya paji la uso, kama wajumbe wote wa Baraza walivyopaswa kuuvaa tangu kufika kazini hadi kuondoka. Viti vikakwaruza sakafu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kaeni, mle."

Mmoja tu hakuinuka. Huyo alikuwa Ndekirwa Lyimo, mkaguzi mkuu wa ukuta, Mchaga wa Machame mwenye ndevu za mvi na tumbo la mtu asiyekosa ndizi. Yeye na Namkunda walikuwa watani, kwa sababu hiyo moja inayowatosha Wachaga na Wapare wote, nayo ni kwamba babu zao walikuwa watani. Mtani hamwinukii mtani.

"Karibu, Mpare! Umekuja kuhesabu punje za makande tulizokula?"

"Nimekuja kuona kama sahani zimesalia. Penye Mchaga hata kijiko hakilali usingizi."

Ukumbi ukacheka. Ndekirwa alingoja kicheko kipungue, kisha akaegemea meza.

"Sahani zipo, mtani. Ila nina swali, na usinifungulie kesi, maana nawajua, mtu wenu huuza ng'ombe apate nauli ya kwenda kumshitaki jirani kwa ajili ya yai. Ukarimu huu mmeuanza lini? Tangu lini Mpare anawagawia watu chai ya maziwa bure?"

"Chai gani tena?"

"Hiyo inayotoka bega la kushoto la bwawa lako. Wiki hii imekolea kweli. Imebaki sukari tu."

Namkunda alicheka. Ni lazima jambo hili lisemwe, kwa kuwa yeye mwenyewe hakulificha baadaye: alicheka pamoja na wenzake, na akachota makande.

Kutoka meza ya mafundi wa pampu sauti ikaongeza, "Mwacheni Mama! Ukuta wake unalia kwa kuwa haujapewa likizo!"

"Haulii, unatokwa jasho," mwingine akajibu. "Umetwishwa mzigo na Mpare, na mzigo wa Mpare hautuliwi hata ukifa nao kichwani."

"Mimi nimekwisha kununua sanda. Mwenye duka kaniuliza ya urefu gani, nikamwambia anipimie bonde zima."

Wakacheka tena, lakini safari hii Namkunda alikuwa nyuma yao. Kijiko chake kilisimama njiani. Alikuwa ameusikia utani wa watu hawa kwa miaka mingi, katika ngazi, malangoni, na kwenye misiba, ambako mtani huruhusiwa kumcheka hata maiti. Aliyajua mambo yake yote: ubahili, kesi, sarafu inayoanguka na Mchaga anayezinduka, pombe ya ndizi, mahari isiyokwisha kulipwa. Sasa aliposikiliza hakusikia hata moja kati ya hayo. Kila mzaha ulikuwa na maji ndani yake. Utani wa mahali pale ulikuwa umehama makazi, na yeye aliyejiona mwenyeji hakupata habari.

Akakiweka kijiko chini.

"Ninawauliza," akasema, "ni nani kati yenu awezaye kuniambia maneno hayo hayo bila kucheka?"

Watu wazima, wenye vyeti na wenye watoto, wakatazama sahani zao. Wengi walikuwa wamelelewa na mama waliowafundisha kwamba kumwambia mkubwa wako "umekosea" ni sawa na kumvua nguo sokoni. Mwisho fundi mmoja wa pampu, yule wa sanda, akasema kwa sauti ndogo:

"Mama, tulikuwa tunatania tu."

"Tunatania tu," wengine wakaitikia, kama waitikiavyo sala.

Ndekirwa peke yake hakuinamisha macho. Alifuta mikono yake, akainuka.

"Twende ukaone, mtani," akasema.

* * *

Ujia wa ukaguzi ulipita ndani ya tumbo la ukuta, mrefu, wa baridi, na kando ya sakafu yake ulikimbia mfereji mwembamba wa kupokea maji yaliyopenya. Walitembea hadi bega la kushoto, mahali zege lilipoushika mlima. Hapo maji yalitoka katika mwamba kwa mkondo wa unene wa kidole. Namkunda alikinga bilauri aliyotoka nayo mezani, akaiinua mbele ya taa.

Maji yalikuwa safi kama ya ubatizo.

"Chai iko wapi?"

"Jana ilikuwapo. Juzi pia. Leo imegoma." Ndekirwa alipiga magoti, akapitisha kidole chini ya mfereji. Kidole kikatoka kitupu. "Na gari la kufagia limepita asubuhi. Linafyonza kila kitu, likatuachia sakafu ya kujitazamia uso."

Hakuwa na haja ya kumweleza maana yake. Mtu yeyote aliyesomea mabwawa ya maji anajua kwamba hakuna bwawa lisilotoka jasho. Maji yakipenya yakiwa safi, yamepita tu. Yakipenya yakiwa na rangi, yanahama na nyumba yake: yanaubeba mlima kutoka ndani, punje kwa punje, hadi panapobaki ganda, na siku ganda lipasukapo hapana muda wa kupiga kengele. Chini ya Ngofira ulikaa mji wa Kizungo, na soko lake, na shule zake, na hospitali.

"Vipima shinikizo vinasemaje?"

"Vinasema kwema. Lakini vilichimbiwa bega la kulia, ambako wajenzi waliogopa. Huku kushoto hawakuogopa, basi hawakuweka."

"Kwa nini hukuandika taarifa?"

"Niliandika. Mizani ikanipunguza."

Namkunda alijua maana ya neno hilo, kwa kuwa alikuwa amelisimamia tangu lilipoingia kazini. Katika Kiangazi Kirefu, mito ilipokauka na nchi ikajifunza kuhifadhi maji na umeme milimani, watu wengi walikufa kwa maamuzi mabaya ya watu wema. Mkurugenzi mmoja aliendelea na mtambo mbovu kwa kuwa alikwisha kutumia gharama kubwa. Baraza moja lilikubaliana na mzee wao kwa kuwa hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukataa. Ndipo ikaundwa Mizani, mashine ya kupima mashauri. Kila mjumbe alivaa utepe uliolelewa juu ya paji lake mwenyewe kwa miezi, mpaka ukazijua njia za fikira zake kama kiatu kinavyoujua mguu. Na mtu alipotoa shauri, Mizani ilitazama limetoka wapi. Likitoka katika woga wa jana, uzito wake ulipunguzwa. Likitoka katika kiburi, au katika kuwafuata wenzake, vivyo hivyo. Haikuwa mashine ya uongo. Mwaka wa tetemeko, Namkunda alitaka bwawa lote lifunguliwe, Mizani ikampa uzito mdogo, Baraza likakataa, na ikaonekana kwamba yeye ndiye aliyekosea. Umeme haukuzimika, na wagonjwa wa Kizungo walikaa salama kwa sababu hakusikilizwa. Hilo hakulisahau kamwe.

"Mimi nilikuwa kwenye bwawa lililovunjika kule kusini," Ndekirwa aliendelea. "Kwa hiyo kila nikisema maji, Mizani husema, huyu anaota ndoto zake za kale. Nikaona nitumie njia nyingine."

"Utani."

"Utani. Hilo ndilo neno pekee ambalo mdogo anaweza kumwambia mkubwa akabaki na kazi yake na adabu zake. Nikawaambia na vijana wangu: kila mkimwona Mama, mtanieni. Ipo siku atasikia."

Namkunda akasimama na bilauri yake ya maji safi, na ghafula baridi ya ujia ikamwingia mifupani. Mizani haikusikiliza Baraza peke yake. Ilisikiliza kila neno lililosemwa katika kazi yote, ikapima hatari kwa maneno hayo. Na mwaka wake wa kwanza ilikuwa imefedheheka vibaya: Mchaga alimwambia Mpare "leo nakuzika," nayo ikasimamisha mitambo. Ikasimama tena siku ya pili, na ya tatu. Wataalamu walioitengeneza hawakuwa wageni. Walikuwa watoto wa nchi hii, wenye watani wao, na waliijua dawa. Wakaifundisha kwamba neno la utani halina uzito, ilisikie na kulitupa. Watu wote walishangilia, na Namkunda alipiga makofi.

"Kwa hiyo," akasema polepole, "neno pekee mlilothubutu kuniambia ndilo neno pekee tulilolikataza lisipimwe."

"Mzaha mzaha hutumbuka usaha, mtani."

"Usinitanie sasa."

"Sikutanii," akasema Ndekirwa. Lakini midomo yake, kwa mazoea ya maisha yote, ilikuwa ikitabasamu.

* * *

Baraza lilikutana alasiri hiyohiyo. Ukutani uliangaza ubao wenye majina ya wajumbe, na mbele ya kila jina uzito wake. Chini ya ubao alikaa Tunsume, mtunza Mizani, binti wa Kinyakyusa aliyekuwa na kazi moja tu, kusoma kwa sauti yale mashine iliyoyaona. Mwisho wa meza alikaa Mkurugenzi Rwegoshora, Mhaya mpole, nadhifu, asiyepandisha sauti hata siku moja.

Namkunda alieleza yote. Hakupamba. Alisema maji yalikuwa na rangi jana na leo hayana. Alisema hana sampuli. Alirudia utani wa ukumbini neno kwa neno, na wajumbe wawili wakaficha vicheko viganjani.

"Ninaomba maji yashushwe hadi chini ya bega la kushoto, kisha bega lichimbwe lionekane."

Ubao ukabadilika. Uzito wa Namkunda ulishuka mbele ya macho ya wote, ukaendelea kushuka, ukasimama kwenye robo.

Tunsume alisafisha koo. "Mizani inasema: shauri limetoka kwa mtu wa karibu wa mwenyekiti, na mwenyekiti humpenda. Inasema: picha ya maafa imekaa mbele ya akili, ikaziba hesabu. Inasema: mwenyekiti amewahi kuogopa hivi mwaka wa tetemeko. Maneno ya ukumbini ni utani, hayakupimwa." Kisha, kwa sauti ambayo haikuwa ya kazi, akasema, "Samahani, Mama."

"Fanya kazi yako, mwanangu. Hukukosa."

Rwegoshora alikunja mikono. "Mama Mrutu, ninakuheshimu, nawe unajua. Lakini nitazame na mimi. Kiangazi kinaingia. Tukimwaga maji haya, Kizungo italala gizani mpaka masika. Hospitali ina watoto wachanga katika vitanda vya joto. Dawa ziko kwenye majokofu. Nitawaendea mama zao nikawaambie nini? Kwamba Mchaga alimtania Mpare?"

Meza ikacheka, kwa staha. Namkunda hakuwachukia kwa kicheko hicho. Alichoogopa ni kwamba Rwegoshora alisema kweli, kila neno. Watoto wale walikuwapo, wenye majina, leo hii. Watu watakaozama hawakuwa na majina bado. Huenda hawatakuwa nayo kamwe. Na Mizani ilimjua vizuri: alimpenda Ndekirwa kama ndugu, na usiku wa tetemeko aliogopa hivi hivi akakosea. Je, mtu hujuaje kwamba woga wa leo si ule wa jana uliobadilisha shuka?

Alikumbuka nyuso za ukumbini zilivyoinama. Ndekirwa aliwaagiza watanie, lakini woga hakuwapa yeye. Waliogopa kila mmoja peke yake, kila mmoja akaufunga woga wake kwa kicheko, na wote wakaufunga kwa kitambaa cha rangi moja. Hilo halikuwa pendo lake kwa Ndekirwa, wala ndoto yake.

Kura zikapigwa, zikapimwa. Maji yasishushwe.

"Limepita," Rwegoshora akasema. "Tuendelee na mengine."

Ndekirwa, aliyekuwa amesimama mlangoni kama shahidi, akacheka kwa sauti kubwa, akaja mbio mikono mbele. "Wee Mpare! Kitepe hiki kimekupendeza kupita kiasi. Leo nakitwaa!"

Wajumbe walitabasamu. Ni haki ya mtani kumnyang'anya mtani wake kitu, kofia, jembe, hata mbuzi, na hakuna hakimu atakayekiita kitendo hicho wizi. Mwenye mali hana budi kukikomboa kwa bei atakayotaja mtani. Mizani nayo ilitazama ikaona mzaha, ikanyamaza. Lakini Namkunda alimshika mkono kabla haujafika kwenye paji lake, na akamsikia akinong'ona bila kuacha kucheka:

"Niachie. Utepe mmoja ukikosekana Baraza si Baraza, amri inarudi kwako. Watasema niliunyakua kwa utani. Hakuna atakayekushitaki."

Kanuni hiyo ilikuwapo. Iliandikwa zamani kwa hofu ya tepe kuharibika: Baraza lisilo na tepe zote halina kauli, na mwenyekiti huamua peke yake, huku akibeba lawama peke yake. Ndekirwa alikuwa amempa amri bila lawama. Ilitosha alegeze vidole tu.

Namkunda alimtazama mtani wake, akafikiri juu ya mafundi wake waliosema wote kwa pamoja, tunatania tu. Akaona kwamba akipita mlango huo, atakuwa amefanya kama wao, na kesho hapatakuwa na mtu hata mmoja katika Ngofira aliyesema jambo hili kwa uso mkavu.

"Usininyang'anye," akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Nakupa."

Akauvua utepe. Ulitoka kwa shida, kama ganda la kidonda, ukaacha mstari mweupe kwenye ngozi. Akauweka katika kiganja cha Ndekirwa.

"Shika, mtani. Mimi nawe tutapatana bei baadaye. Tunsume, andika kwa mkono wako, maana mashine haitaandika: Namkunda Mrutu ameuvua utepe mwenyewe, akiwa na akili zake, bila kutaniwa. Baraza halipo. Ninaamuru milango ya kupunguzia maji ifunguliwe, kwa kiasi ambacho mto utaweza kukimeza, na king'ora kilie Kizungo watu watoke kandoni."

"Mama!" Rwegoshora alikuwa amesimama, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Unawaua watoto kwa ajili ya bilauri ya maji safi!"

"Peleka jenereta hospitalini, Mkurugenzi, badala ya kunipigia kelele. Umeme wa kwanza ni wao, na ofisi hii iwe ya mwisho."

Alikwenda mwenyewe kwenye chumba cha milango. Milango ile ilimtii mwenyekiti peke yake, kwa kiganja. Aliweka mkono wake juu ya bamba la baridi. Kwa muda hapakuwa na kitu. Kisha ukuta wote ukatetemeka chini ya miguu, na maji yaliyolindwa kama dhahabu yakaanza kwenda zake.

* * *

Kiangazi kilikuwa kigumu, wala haifai kusema vinginevyo. Kizungo ilipika kwa kuni. Majokofu ya dawa yalizimika, sehemu ya chanjo ikaharibika. Watoto wachanga walihamishwa kwa gari hadi mji mwingine, nao walifika wote, lakini mama zao hawakumsamehe aliyewapitisha katika barabara ile. Namkunda alipokwenda sokoni, wanawake walifunika nyanya zao kwa kanga mpaka apite.

Na bwawa likasimama. Bega la kushoto lilikauka, likanyamaza. Hakuna aliyelichimba, kwa kuwa bega kavu halikuonyesha hatari, na Mizani ilisema palipokosekana hatari pasipelekwe gharama.

Mawingu ya masika yalipoanza kujikusanya juu ya milima, Rwegoshora aliita kikao cha hadhara katika ukumbi wa mji. Alihitaji milango ifungwe kabla ya mvua, na kiganja kilichoifungua hakikukubali. Kumwondoa mwenyekiti kulihitaji Baraza, na Baraza lilihitaji tepe zote, na utepe wa Namkunda ulikuwa mfukoni mwa Ndekirwa. Wizara ingeweza kuteua mtu mwingine. Lakini barua ya wizara hutembea kwa mkongojo, na masika hayasubiri mgonjwa.

Ukumbi ulijaa. Wafanyakazi wa bwawa walisimama nyuma, kofia mikononi.

"Mama Mrutu," Rwegoshora alianza, "bwawa halikuvunjika."

"Naam. Halikuvunjika."

"Basi woga wako haukuwa na msingi."

"Mtu akiamshwa nyumba inaungua, akatoka, nyumba ikazimwa isiungue, utamwambia angelala?"

Minong'ono ikapita. Mwanamke mmoja wa mbele akapaza sauti: "Mwanangu alikuwa kwenye gari lile!"

Namkunda alimgeukia. "Najua, mama Eliawinga. Nilikuja kwako ukanifukuza, na ulikuwa na haki. Kama nilikosea, deni lako sitalimaliza. Lakini sitakudanganya kwamba nilikuwa nimelala nilipolifanya."

Rwegoshora alishuka jukwaani, akamkaribia, akapunguza sauti kama mtu anayemwonea huruma ndugu. "Sikiliza. Sema Ndekirwa alikunyang'anya. Kila mtu aliona mikono yake. Uwe utani tu, yaishe. Ukomboe utepe wako kwa jogoo au debe la pombe, ufunge milango, ubaki na kiti chako na pensheni yako."

"Sikunyang'anywa. Nilimpa."

"Mama, unajiangamiza kwa neno moja!"

"Nimeishi miaka mingi kwa maneno yasiyo na uzito, Mkurugenzi. Tumewalea watu hapa wakadhani heshima ni kuficha jiwe ndani ya ugali ili mkubwa asivunjike moyo. Akavunjika meno. Mimi nimekwisha kuvua. Sivai tena mpaka nikomboe, na sikomboi mpaka mwenye rehani ataje bei. Mwulize yeye."

Kichwa kwa kichwa ukumbi ukamgeukia Ndekirwa. Mkaguzi alitoka nyuma kwa hatua nzito. Akatoa utepe mfukoni. Ulikuwa umekauka, umejikunja kama jani la mgomba. Watu walianza kutabasamu kabla hajafumbua kinywa, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumsikia akinena bila kuchekesha, na wengi walihitaji kicheko siku ile.

"Taja bei, Mchaga!" mtu akapiga kelele. "Usimkamue mno, ni Mpare, atazimia!"

Kicheko kikalipuka. Rwegoshora naye alicheka, kwa nafuu. Ndekirwa alingoja. Uso wake ulikuwa ukihangaika kama uso wa mtu anayejifunza kutembea baada ya mguu kuvunjika.

"Bei yangu ni shimo," akasema. "Bega la kushoto lichimbwe mpaka mwamba wa ndani uonekane, mbele ya watu hawa, kabla ya mvua ya kwanza. Wakiukuta mzima, Mama atafunga milango kwa mkono wake, nami nitafungwa pamoja naye."

"Ndekirwa." Mkurugenzi alikuwa bado na mabaki ya kicheko usoni. "Huu ni utani?"

"Hapana, Mzee. Umekosea, na sisi sote tumekosea. Maji yalitoka na rangi."

Nyuma, fundi wa pampu, yule wa sanda, akasogea hatua moja mbele. "Nami niliyaona," akasema. "Sitanii."

Mwingine akasogea. Na mwingine.

"Kwa nini basi hamkusema?" Rwegoshora akauliza.

"Tulisema," Ndekirwa akajibu. "Mlicheka."

Rwegoshora alitazama uso wake, kisha wa Namkunda, kisha zile nyuso za nyuma, akingoja pembe ya mdomo mmoja ipande, kicheko kimoja kidogo kitoke cha kumwokoa na kumrudisha katika dunia aliyoizoea. Alingoja sana. Juu ya bati ngurumo ya kwanza ikapita, mbali bado, na hapakuwa na mtu aliyecheka.

Ndipo akaagiza majembe.